Rusizi: Mto, Mji na Watu Waliovuka

Mara hii tunaandika juu ya mahali tunapokaa.

Wadogo wetu wamekuwa wakituuliza swali moja ambalo linaonekana rahisi: Rusizi ni nini hasa? Mwalimu anasema ni wilaya. Mama anasema ni mpaka, "naenda Rusizi" maana yake anaenda kuvuka. Wale waliokulia Bukavu wanaandika Ruzizi, na z, na wanasema ni mto, tena mto wao. Na wazee wa hapa bado wanaita mji huu Cyangugu, ingawa jina hilo halipo tena kwenye karatasi nyingi za serikali tangu mwaka 2006, wakati mikoa ya zamani ilipofutwa na Cyangugu ikagawanywa kuwa wilaya za Rusizi na Nyamasheke.

Wote wanasema kweli. Tena kuna swali la pili ambalo wadogo hawaulizi kwa sauti, juu wanalisikia shuleni likiwa kama tusi: rudini kwenu ng'ambo. Ng'ambo yenyewe tunaiona kila siku. Usiku taa zake zinawaka mbele ya macho yetu. Basi tukasema tuandike historia ya huu mto, siyo ili kubishana ardhi ni ya nani (watu wengi wamekufa kwa sababu ya mabishano hayo, hatutaki kuongeza kuni), ila ili mtu ajue ni nani walipita hapa kabla yake.

Tuanze na maji yenyewe. Ziwa Kivu zamani halikutoka upande huu. Wanaosoma mawe na udongo wanasema maji yake yalikwenda kaskazini, upande wa ziwa Edward na mto Nile. Halafu volkano za Virunga zikainuka zikaziba njia. Ziwa likajaa, likapanda, mpaka miaka elfu kumi hivi iliyopita likapata mwanya kusini, hapa kati ya Bukavu na Cyangugu, likamwagika. Ndiyo Rusizi ikazaliwa. Toka hapo maji ya Kivu yanaenda Tanganyika, yanatoka kwa mto Lukuga, yanaingia mto Kongo na kufika bahari ya Atlantiki. Kijana mmoja wetu alicheka akasema kumbe hata ziwa lilifungiwa njia likatafuta nyingine.

Mto wenyewe si mrefu, kilometa 117 hivi. Lakini unashuka sana: Kivu iko kwenye mita 1,460 juu ya bahari, Tanganyika iko 770 na kidogo. Sehemu kubwa ya kushuka huko inafanyika mwanzoni, kwenye makorongo kati ya hapa na Bugarama. Ndiyo maana hakuna mtumbwi unaotoka Kamembe kwenda Uvira kwa mto. Chini, toka Bugarama na Kamanyola, unatulia, unakuwa mto wa tambarare: mpunga, mahindi, joto, mbu. Pale pale mto Ruhwa unaingia, na nchi tatu zinakutana, Rwanda, Burundi na Kongo. Anayetoka baridi ya Nyungwe asubuhi na kufika Bugarama saa sita mchana anaweza kudhani amebadilisha nchi, na hajabadilisha hata wilaya.

Wazungu walibishana sana juu ya mto huu kabla ya kuuona. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, wakitumaini Rusizi inatoka Tanganyika kwenda kaskazini, yani iwe ndiyo Nile. Watu wa pale wakawaambia hapana, unaingia ziwani. Jibu lilikuwepo, lakini ubishi Ulaya ukaendelea miaka kumi na tatu, mpaka Novemba 1871 Livingstone na Stanley wakatoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mdomoni mwa mto, wakaona maji yanaingia. Wenyeji walikuwa wamesema hivyo tangu mwanzo.

Sasa watu. Nchi hii ya upande wa Rwanda iliitwa Kinyaga, na watu wake Abanyakinyaga. Ilikuwa mbali na nyumba ya mfalme. Katikati palikuwa na msitu wa Nyungwe, siku kadhaa za kutembea, baridi na mvua. Kwa hiyo kwa muda mrefu Kinyaga iliangalia zaidi ziwa kuliko ikulu. Familia zilitoka huku na kule kuja kutafuta shamba: wengine toka Rwanda ya kati, wengine toka Bushi na Buhavu, ng'ambo ya maji. Waliolewa pande zote mbili. Walikuwa na masoko kando ya ziwa ambapo watu waliuza majembe, mbuzi, chakula, na kulipa kwa butega, bangili za nyuzi zilizosukwa ambazo zilitengenezwa upande wa magharibi wa ziwa. Butega ilikuwa pesa. Mtu alihesabu mbuzi kwa bangili kama sisi tunavyohesabu kwa faranga, na bangili hizo zilipita maji bila kuuliza huyu ni Mshi, huyu ni Mhavu, huyu ni Mnyakinyaga.

Hatusemi palikuwa paradiso. Vita vilikuwepo. Mfalme Kigeli IV Rwabugiri, aliyetawala katika nusu ya pili ya karne ya 19, alishambulia Bushi mara nyingi na akateka kisiwa cha Ijwi. Yeye ndiye aliyeleta utawala wa ikulu Kinyaga kwa nguvu. Machifu wakatumwa toka kati, na kazi za lazima zikawakuta watu waliokuwa hawazijui, kama uburetwa, mtu kufanyia chifu kazi siku kadhaa bila malipo kwa sababu tu anakaa kwenye ardhi. Wanahistoria waliokaa na wazee wa Kinyaga wanaeleza kwamba hapo ndipo maneno Hutu na Tutsi yalianza kuwa mazito hapa, yakapima nani anabeba na nani anabebewa. Zamani kidogo mtu wa Kinyaga alijulikana zaidi kwa ukoo wake na mlima wake. Tungependa wadogo wetu walishike jambo hili: uzito wa maneno hayo una tarehe.

Rwabugiri akafa mwaka 1895, akiwa safarini ziwani kwenda vitani Bushi. Mwaka uliofuata, 1896, maofisa wa Kongo ya mfalme Leopold II wakavuka, wakaweka kambi Shangi, juu ya ziwa, ambapo leo ni Nyamasheke. Ikulu ya Rwanda ikatuma jeshi kuwafukuza. Mikuki ikakutana na bunduki. Bisangwa, mmoja wa wakuu wa jeshi, akafa pale Shangi, na habari za kushindwa huko zikaitikisa ikulu. Kabla mwaka kwisha palitokea mapinduzi ya Rucunshu na Musinga akakalia kiti. Watu husema historia ya Rwanda inaamuliwa kati ya nchi. Mara hii iliamuliwa hapa mwisho wa ziwa.

Wabelgiji wenyewe hawakukaa. Mwaka 1897 askari wao Watetela waliasi huko Kongo, wakawavuruga mpaka Kivu yote, na Wajerumani wakatumia nafasi hiyo: mwaka 1898 wakaweka kituo chao Shangi. Toka hapo ni miaka zaidi ya kumi ya kubishana. Wajerumani wanasema Kivu yote ni yao, Wabelgiji wanasema hapana, Waingereza nao wakaingia upande wa volkano. Mwaka 1910, Brussels, wakakubaliana. Ijwi ikapewa Kongo, mstari ukapita katikati ya ziwa na kufuata Rusizi. Hakuna mtu wa Kinyaga wala wa Bushi aliyekaa kwenye meza ile. Shangazi aliyeolewa kilometa mbili tu toka kwao, akaamka amekuwa wa nchi nyingine.

Mstari huo haukukaa hata miaka sita kabla ya kupitwa na majeshi. Aprili 1916 brigedi ya kusini ya Wabelgiji, chini ya Olsen, ilivuka Rusizi ikachukua Cyangugu na kuendelea mpaka Nyanza. Wajerumani wakaondoka. Tunaposema "jeshi la Wabelgiji" tukumbuke askari walikuwa Wakongo, na nyuma yao maelfu na maelfu ya wapagazi waliobeba mizigo kichwani. Wengi hawakurudi.

Baada ya hapo mabwana wakawa wale wale pande zote mbili, na mto ukawa kama barabara ya kwenda kazini. Bukavu ilikua haraka. Waliiita Costermansville, kwa jina la ofisa wao, mpaka miaka ya 1950 ikarudishiwa jina lake. Wanaume wa Kinyaga walivuka kwenda kujenga nyumba zake, kulima mashamba ya wazungu, kupika, kufua. Wengine walifuata mshahara, wengine walitafuta tu njia ya kuponyoka chifu, juu mtu mwenye kazi ya mzungu aliweza kukwepa kazi za lazima. Na njiani walijifunza Kiswahili. Wengine hapa wanatuambia Kiswahili ni lugha ya wageni, ya wakimbizi na ya Bugarama. Babu zao walikiongea Bukavu, kazini, kabla ya babu zetu wengine. Na tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda kwa sheria.

Vitu vingine viwili vya wakati ule tunavitumia mpaka leo. Cha kwanza kahawa: Mapadri Weupe walifungua misheni ya Mibilizi mwaka 1903, na mwanzoni mwa karne hiyo wakapanda kahawa ambayo mbegu yake ilikuja kuitwa Mibirizi, ikasambaa nchi nyingine. Cha pili sambaza. Tunawala kama vile waliumbwa pamoja na Kivu, kumbe walitolewa Tanganyika na kutiwa huku karibu mwaka 1959. Nao ni wahamiaji, na hakuna anayewaambia warudi kwao! Zile taa za wavuvi usiku, mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na nyimbo zao za kupiga makasia, sehemu kubwa ni kwa ajili ya samaki mgeni.

Umeme nao. Bwawa la Ruzizi I lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu kabisa na mahali mto unapotoka ziwani. Ruzizi II likafuata mwaka 1989, na hili ni la nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, linaendeshwa na kampuni moja ya pamoja inayoitwa SINELAC. Ilitokana na jumuiya ya CEPGL iliyoanzishwa Gisenyi mwaka 1976. Viongozi wamegombana, majeshi yamepigana, mipaka imefungwa na kufunguliwa, lakini bwawa limeendelea kugawa umeme pande tatu. Adui yake mkubwa siku hizi ni chupa na mifuko ya plastiki. Mvua ikinyesha, taka za mjini zinashuka ziwani, zinaelea mpaka bwawani, zinaziba mitambo, na Bukavu inaingia giza. Aliyetupa chupa ndiye anayekosa taa. Ruzizi III limepangwa miaka mingi sana, tunalisikia tangu tuko wadogo.

Tufike sasa kwenye kuvuka, maana ndiyo habari yetu.

Mwaka 1959 na miaka iliyofuata, Watutsi waliofukuzwa makwao walivuka kwenda Kivu. Hao walikuwa wakimbizi toka huku kwenda kule. Novemba 1967 ikawa kinyume: Jean Schramme, mzungu mamluki aliyekuwa ameshika Bukavu tangu Agosti pamoja na wenzake na wanajeshi wa Katanga, alishindwa na jeshi la Mobutu akapita daraja kuingia Cyangugu. Mamluki wazungu walizuiliwa Rwanda mpaka Aprili 1968, halafu ndege zikawapeleka Ulaya. Wakatanga hawakupata ndege ya Ulaya. Walirudishwa Kongo kwa ahadi ya msamaha. Hatujasoma kitu chochote kizuri juu ya mwisho wao.

Halafu 1994. Hapa tunaandika polepole, na tunaomba hata maoni yenu chini yawe ya heshima, juu majirani zetu wanasoma.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalifika Cyangugu mwezi wa Aprili kama kwingine. Watu walikimbilia makanisa, Mibilizi, Shangi, Nyamasheke, wakauawa huko huko. Mjini Kamembe walikusanywa kwenye uwanja wa Kamarampaka, ule ambao tunachezea mpira. Majina yalisomwa toka kwenye orodha, waliotajwa wakachukuliwa, wakauawa. Mwezi wa Mei waliobaki wakapelekwa Nyarushishi, mlimani, kwenye mahema. Tarehe 23 Juni askari wa Ufaransa wa Opération Turquoise waliingia Rwanda kwa kupitia Bukavu na daraja la hapa, wakafika Nyarushishi, wakakuta watu kama 8,000 bado hai. Juu ya Turquoise kuna ubishi mkubwa mpaka leo, nani waliokolewa na nani waliachwa watoroke, na hatuwezi kuumaliza kwa ukurasa mmoja. Wafaransa waliondoka Agosti. Kabla na baada ya hapo mamia ya maelfu ya watu wakavuka Rusizi kuingia Bukavu, raia pamoja na waliokuwa wameua, wamechanganyika. Wazazi wetu wanakumbuka shule zilizojaa, miti ya barabarani ikakatwa kuwa kuni kwa wiki chache tu.

Mahakama ya Arusha ilitoa hukumu ya kesi ya Cyangugu Februari 2004. Walikuwa washtakiwa watatu. Wawili waliachiwa huru, wa tatu, aliyekuwa mkuu wa kambi ya jeshi, akafungwa. Waliopona wa hapa walilia siku hiyo.

Vita vilivyofuata mnavijua, vimo nyumbani mwenu. Oktoba 1996 Bukavu ikaanguka, na askofu mkuu Christophe Munzihirwa akauawa tarehe 29 mwezi huo. Kambi za wakimbizi wa Rwanda zikavunjwa, wengine wakarudi, wengine wakaingia msituni. Mwezi wa Desemba kambi ya Kiziba ikafunguliwa kule Karongi kwa ajili ya Wakongo. Baadhi ya wenzetu wamezaliwa Kiziba na wana zaidi ya miaka ishirini, hawajawahi kuona kijiji wanachosema ni chao. Juni 2004 vita tena Bukavu, watu wakavuka tena. Wengine walichagua njia ya chini, wakaenda Burundi, wakawekwa Gatumba, karibu na mahali Rusizi inapoingia Tanganyika. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 waliuawa pale zaidi ya 150, wengi Wanyamulenge, wanawake na watoto wengi. Wako kati yetu waliopoteza mama pale. Kila mwaka tarehe hiyo tunanyamaza.

Na tarehe 3 Februari 2008, Jumapili, ardhi yenyewe ilitetemeka. Makumi ya watu walikufa, wengi upande huu, Rusizi na Nyamasheke, wengine upande wa Bukavu. Wazee wanaikumbuka ile siku kwa sababu watu waliuliziana habari pande zote mbili za daraja, bila kujali siasa.

Kuna vijana wanaotuandikia wakisema sisi tumehesabu vifo tu. Si kweli, lakini tunawaelewa. Siku za kawaida ni nyingi kuliko siku za vita. Asubuhi nenda Rusizi ya Kwanza uone mama wa soko na beseni za nyanya, kuku, unga, jeto mkononi. Anavuka anauza, jioni anarudi na kitenge. Mara nyingine anavuka mara tatu kwa siku moja. Mwaka 2020, korona ilipofunga mpaka, ndipo wengi walitambua mji huu unakula nini: nyumba nyingi zilikuwa zinaishi kwa hao mama, na daraja lilipofungwa sufuria zikakauka pande mbili. Nkombo, kisiwa cha hapa ndani ya Rwanda, watu wanaongea lugha moja na ya Ijwi. Mpunga wa Bugarama unaliwa Kamanyola. Saruji ya Bugarama imejenga nyumba Bukavu.

Februari 2025 vita vilifika tena Bukavu, na familia zikavuka tena, na tena zikapelekwa Nyarushishi, ambako kuna kituo cha kupokelea wakimbizi. Mlima ule ule. Mtoto anayecheza kati ya mahema hajui nani alilala pale mwaka 1994, na mzee wa kijiji anayepita na ng'ombe anajua lakini haongei. Tulimwomba mmoja atusimulie. Alituonyesha mahali maji yalipochotwa, akasema inatosha kwa leo.

Tuna shida moja. Wazee wetu wanaojua majina ya vivuko vya zamani, kabla ya madaraja, wanapungua. Wengine wamekufa, wengine wamepelekwa Marekani na Kanada. Wenye bibi au babu aliyekulia kando ya Rusizi, upande wowote, muulizeni jina la kivuko alichopita, na alilipa nini kuvuka. Mtutumie kwa sauti, hata kama ni Kishi, Kihavu, Kifulero ama Kinyarwanda, sisi tutaandika. Mpaka sasa tuko na majina manne tu, na mawili kati yake yanagombaniwa na wajukuu wa watu wale wale.